Bunduki Niliyomchagulia Sajini Mutiso

Nasikia ile fomu imerudi tena mezani kwenu. Kila kituo kichague bunduki moja tu ya kazi zote za wanyama, nyingine zirudishwe makao makuu, ili risasi ziwe za aina moja na stoo ipumue. Kijana wenu aliyenirithi funguo alinipigia simu Jumatatu, akaniuliza kwa adabu sana, "Madam, ungekuwa wewe ungeandika ipi?" Nikamwambia ngoja kwanza. Swali hilo niliwahi kulijibu, nikalijibu kwa ujasiri na kwa mwandiko mzuri, na nikakosea. Kwa hivyo badala ya jibu la simu nimewaandikia haya. Nina nafasi. Asubuhi zangu hapa Ruiru siku hizi ni kuku sita na mume anayesoma gazeti kwa sauti.

Nianze mwanzo. Niliingia kituo cha Thika nikiwa karani, na nisimdanganye mtu, sikuwa na hamu yoyote ya bunduki. Niliomba kazi ya kupiga chapa. Wakaniambia nafasi iliyobaki ni ya kutunza stoo ya silaha, kwa sababu mwanamume aliyekuwa huko alikuwa amestaafu na wengine wote walitaka kazi ya porini. Nilipewa funguo mbili, koti la kijani la mtu mrefu kuliko mimi, na kitabu cha maelezo chenye picha za bunduki zilizofunguliwa vipande vipande. Nilikisoma wiki nzima kama mtu anayesomea mtihani wa udereva.

Stoo ilikuwa na dirisha dogo la nondo la kutolea silaha. Siku yangu ya kwanza dirishani alikuja mtu mfupi, mweusi tii, kofia mkononi, akasema anataka bunduki ya mitutu miwili, nyani wamevamia shamba la mananasi. Nikaichukua, nikampitishia mitutu ikiwa mbele. Hakuipokea. Alisimama tu, mikono nyuma.

"Msichana," akasema, "hiyo unanipa ama unanipiga nayo?"

"Haina risasi, mzee."

"Umejuaje?"

Sikuwa nimejua. Nilidhani tu. Akaniambia nirudi ndani, niifungue, nitazame kwa macho, niguse kwa kidole, halafu nimletee ikiwa imekunjuka, kitako kwanza. Nikafanya. Akaona nimeweka kidole pasipofaa. Rudi. Nikafanya tena. Nyani wa watu walikuwa wakiendelea kula mananasi, na yeye hakuwa na haraka hata kidogo. Mara ya tano akaipokea, akasema asante, na lolote jingine aliloniambia siku ile silikumbuki. Na mzee alikataa kuitwa. "Mzee yuko nyumbani analima. Mimi ni Sajini." Hivyo ndivyo nilivyomjua Sajini Mutiso, Mkamba wa upande wa Kilimambogo, mtu aliyenifunza kazi yote ninayojivunia na ambaye nilikaribia kumharibia jina.

Tulikuwa na bunduki tatu za wanyama. Kulikuwa na ile nzito ya tembo, ambayo haikuwa na kazi Thika, na ambayo ilimwachia kila aliyeipiga bega la zambarau. Tuliiheshimu na hatukuigusa. Kulikuwa na ile ya mtutu mmoja mrefu, ya komeo, kaliba mia tatu sabini na tano, ambayo vitabu vyote vinasema ndiyo bunduki inayoweza kumwangusha mnyama yeyote Afrika. Tuliiita Ndefu. Halafu kulikuwa na ya mitutu miwili, ya marisau, yaani risasi za punje nyingi, bawaba imelegea kidogo, kitako kimepasuka na kufungwa waya wa shaba. Hiyo tuliiita Mbili.

Mimi niliipenda Ndefu. Nasema wazi. Mtunza stoo hupenda chuma kilichotengenezwa na mtu mwenye subira, na Ndefu ilikuwa hivyo. Komeo lake lilienda na kurudi bila sauti. Mbao zake zilikuwa na mistari ya rangi ya asali ambayo nikiipaka mafuta ilijitokeza. Nilipoisafisha nilijikuta nikiimba. Mbili niliisafisha kwa kuwa ni kazi.

Sajini Mutiso alikuwa na mambo yake na Mbili. Aliweka kitu tofauti katika kila mtutu. Wa kulia aliuwekea risasi ya kelele, ile inayotoka na kupasuka hewani kwa kishindo bila kumdhuru mtu. Wa kushoto aliuwekea risasi moja nene ya madini laini ya risasi, kubwa kama kidole gumba. Mbili ilikuwa na vifyatulio viwili, kwa hivyo alichagua kwa kusogeza kidole tu. "Wa kulia ni wa kuongea," alinieleza. "Wa kushoto ni wa kumaliza. Na ukiongea vizuri, humalizi." Akienda kwa nyoka au mbwa mwenye kichaa alibadilisha, akatia marisau madogo. Mkanda wake ulikuwa na mifuko mitatu na hakuna siku alitazama chini kuchagua.

Nilimwona akifanya kazi mara chache, kwa sababu mtunza stoo hukaa stoo. Lakini mara moja kiboko alitoka kwenye bwawa la shamba la kahawa hapa upande wa Ruiru, kukakucha akiwa bado nje, kati yake na maji wamesimama wachuma kahawa na vikapu vyao wakimtazama kama harusi. Kiboko akiwa nchi kavu na njia ya majini imezibwa, huyo si mnyama wa kutazamwa. Nilikuwa nimeenda kupeleka risasi zilizosahauliwa, na aliyezisahau ni mimi. Sajini aliwasogeza wale watu kwanza, kwa upole, mmoja mmoja, mpaka njia ikafunguka. Halafu akatembea nusu duara mpaka akawa nyuma ya kiboko, akapiga mtutu wa kulia hewani, mara moja. Mnyama yule akaenda majini kwa mbio ambazo sikujua mwili ule unaziweza. Sajini akaokota ganda la risasi, akanikabidhi, akauliza kama kuna chai.

Ndivyo ilivyokuwa. Nyani wa kule maporomoko ya Chania, waliojifunza kuwanyang'anya wageni wa ile hoteli ya zamani mikate mikononi, aliwaondoa kwa kelele. Kwa chui aliyejificha kwenye bafu la nyumba iliyokuwa ikijengwa mtaa wa Kahawa Sukari, Sajini alisimama mlangoni na Mbili kwa saa tatu mpaka daktari wa mifugo akaja na sindano ya usingizi, na hakupiga hata moja. Maganda niliyorudishiwa miaka yote ile, karibu yote yalikuwa ya kelele. Niliyaona kwa macho yangu, nikayatia kwenye debe, na sikujiuliza yana maana gani.

Nchi nayo ilikuwa inabadilika mbele yetu. Wale waliokulia hapa mnajua. Kahawa iling'olewa, mkonge ukang'olewa, shamba likakatwa ploti, ploti ikawekewa mabati, mabati yakawa gorofa. Mimi mwenyewe nimo katika hilo, nyumba yangu iko Membley, hapa hapa Ruiru, mahali ambapo nilipokuwa msichana hapakuwa na mtu wa kumwamkia. Wanyama hawakupewa ramani mpya. Nyati wa mlima Kilimambogo walishuka kiangazi kama walivyoshuka siku zote, isipokuwa sasa walikuta jiko la mtu.

Basi ndipo fomu ikaja. Bunduki moja ya kazi zote, mtunza stoo apendekeze, atoe sababu. Nilifurahi kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza maoni. Nilipeleka Ndefu na Mbili uwanja wa shabaha, nikaweka karatasi, nikawapa vijana wetu watatu wapige. Matundu matatu ya Ndefu ungeyafunika kwa kizibo cha soda. Ya Mbili ungehitaji sahani ya kulia. Nikapima kwa rula, nikapima kasi, nikapima mpaka mapengo ya bawaba. Nikaandika kurasa nne.

Sajini alikuja dirishani nikiwa katika ukurasa wa tatu.

"Mama Ciru," akaniambia, maana wakati huo nilikuwa na binti yangu na cheo cha msichana nilishavuliwa, "andika Mbili."

"Sajini, bawaba imelegea."

"Bawaba ni kitu cha fundi."

"Kitako kimefungwa waya."

"Na mimi nina meno ya kubandika. Mbona hujanirudisha makao makuu?"

"Haya. Nyati aliye mita mia utampiga na Mbili?"

"Nyati aliye mita mia nimpige kwa nini? Yeye ana shughuli zake, mimi nina zangu."

Nikacheka. Nilidhani ni mapenzi ya mtu kwa kitu alichokizoea, kama mume wangu na redio yake. Nikaandika Ndefu. Na kwa kuwa aina ya risasi pia ilitakiwa iwe moja, nikachagua zile za kichwa kigumu, kwa sababu ndizo zinazofika ndani kwa kiboko na nyati. Kosa langu lilikuwa hapo, na ni kosa la mtunza stoo, mtu mwingine hawezi kulifanya. Nilichagua bunduki iliyokuwa nzuri juu ya meza yangu. Risasi ya kichwa kigumu haikai ndani ya mnyama. Huingia, hutokea upande wa pili, na kuendelea na safari yake. Nilijua. Imo katika ukurasa wa pili, niliiandika kama sifa.

Sajini alisoma nakala, akasema, "Mwandiko wako ni mzuri." Siku ya kurudisha silaha aliipaka Mbili mafuta mwenyewe, akaifunga kwa blanketi lake, akaibeba mpaka kwenye lori. Hakuninunia. Kesho yake alianza kujifunza Ndefu upya, akaijua mpaka ikawa hakuna aliyeijua kumshinda, na sikumsikia akiilalamikia mbele ya mtu.

Mwaka haukuisha. Kiangazi kilikuwa kikali, na asubuhi moja tukaitwa nje ya Thika, barabara ya kuelekea Garissa, kwenye shamba la zamani la mkonge lililokatwa ploti. Nyati dume, peke yake, kati ya nyumba. Sajini alichukua Ndefu dirishani, kitako kwanza, akaondoka na Kamau, dereva wetu. Saa sita mchana Kamau alirudi peke yake. Shati lake lilikuwa na damu ambayo haikuwa yake. Sajini alikuwa hospitalini, nyonga imevunjika na mbavu tatu. Kamau aliendesha gari moja kwa moja kumwelekea nyati huku akipiga honi, ndipo mnyama akamwachia Sajini. Nyati akakimbilia kwenye mkonge, na siku iliyofuata daktari akampiga sindano, wakamrudisha mlimani.

Jioni nikiwa jikoni, Ciru akaniletea simu yake. "Mum, huyu si Mutiso wenu?"

Ilikuwa video. Mtu aliirekodi akiwa kando, juu ya ukuta. Nyati amesimama ubavu, ametulia, karibu kabisa, na Sajini amemlenga. Anamlenga kwa muda mrefu. Sauti ya kijana inasema, "Si upige basi, buda." Hapigi. Nyati anageuza kichwa, anamwona, anainama, anakuja. Na Sajini Mutiso anashusha bunduki, anakimbia. Halafu ni vumbi, kicheko kinakatika, simu inaanguka. Juu yake waliandika, "Askari wa wanyama atoka nduki." Kufikia kesho yake Thika nzima ilikuwa nayo. Mama mboga wangu alikuwa nayo.

Makao makuu walimtuma Afande Barasa kuchunguza. Alikuwa mtu wa haki lakini wa karatasi, na karatasi zilikuwa chache. Kulikuwa na video. Kulikuwa na mashahidi wanne waliosema alipewa nafasi wazi akaogopa. Na kulikuwa na maelezo ya Sajini mwenyewe kutoka kitandani, mistari miwili tu: "Sikupata nafasi nzuri ya kupiga. Nilianguka." Nilipoyaona nilishangaa, maana huyo ni mtu aliyeweza kukuandikia ukurasa mzima juu ya nyayo za fisi. Barasa akaandaa pendekezo afukuzwe kwa kuacha wajibu wake mbele ya hatari. Sajini alikuwa amebakisha mwaka mmoja astaafu. Angeondoka na jina la mwoga, na kule kwao jina hilo lingemfikia kabla yake.

Ndefu ilirudishwa stoo ikiwa na matope. Niliifungua kama nilivyofunzwa, kwa macho na kwa kidole. Risasi ilikuwa ndani ya chumba chake, tayari. Na kilinda usalama, kile kidude kinachozuia bunduki isifyatuke, kilikuwa kimefunguliwa.

Nilikaa chini. Mtu anayetoroka hufanya mojawapo ya mambo mawili. Huitupa bunduki, au huifunga ili isimpige mwenyewe akijikwaa. Na Sajini Mutiso, aliyenirudisha mara tano dirishani kwa bunduki isiyo na kitu, hangekimbia na kilinda usalama kikiwa wazi ila kwa sababu moja tu. Alikuwa bado anataka kupiga.

Nikamwomba Kamau anipeleke. Udongo wa kule ni ule mweusi, ukilowa hushika na ukikauka huhifadhi, na asubuhi ile bomba la mtu lilikuwa limepasuka, chini kulikuwa matope. Sasa yalikuwa yamekauka. Kamau alinionyesha alipoegesha gari, alipokuwa Sajini, aliposimama nyati. Nyayo zote zilikuwepo. Mimi si msomaji wa nyayo, lakini hizi hata kipofu angezisoma kwa vidole. Gari lilikuwa nyuma yake, hatua kumi na tano. Ukuta wa kujificha ulikuwa kulia kwake. Yeye alikuwa amekimbia kushoto, mahali pasipo na kitu chochote, hatua sita, kwa ubavu kabisa, si mbele wala nyuma. Na mwishoni kulikuwa na nyayo mbili zilizochimba chini, wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, zimemgeukia nyati. Hivyo ndivyo alivyosimama siku zote akitaka kupiga. Baada ya hapo kulikuwa na kwato tu.

"Alikuwa anatafuta nini huku?" Kamau akauliza.

Nikasimama juu ya zile nyayo za mwisho, nikatazama mahali nyati alipokuwa akitokea. Nyuma yake kulikuwa na mkonge mtupu na ukingo wa mto. Nikarudi nikasimama juu ya zile za kwanza, nikatazama tena. Nyuma ya nyati, kama hatua sabini, kulikuwa na kibanda kirefu cha mabati, mlango umefungwa. Nikatembea mpaka pale. Nikabisha, nikafunguliwa, nikaona kilichokuwa ndani.

Kesho yake nilimwomba Afande Barasa aje. "Dakika kumi, Madam," akasema, akaja na saa mkononi. Nilikuwa nimeweka pipa la bluu mahali nyati aliposimama. Nikamsimamisha juu ya nyayo za kwanza za Sajini, nikampa Ndefu tupu, akaitazama ndani mwenyewe, vizuri. Nikamwambia alenge pipa.

"Naliona," akasema. "Wazi kabisa. Hata mimi ningempiga."

"Nyuma yake unaona nini, Afande?"

"Stoo ya mtu. Ya mabati."

"Twende tukaione."

Mlango ulikuwa mfupi, akainama kuingia. Ndani kulikuwa na viti vidogo vya plastiki na watoto thelathini na mmoja wakinywa uji. Ilikuwa chekechea, haina hata bango. Mwalimu, mwanamke wa makamo mwenye kitambaa cha kichwa, alitusalimia na kutuomba tusimame kando ya mlango kwa sababu ya mwanga. Akatuambia siku ya nyati alifunga mlango kwa kufuli, akawakalisha watoto wote chini kwenye ukuta wa mbele. Ukuta wa mbele ndio uliotazama pipa. Mtoto mmoja alimtazama Barasa na magwanda yake, akamuuliza, "Umekuja kutudunga sindano?" Barasa akasema hapana. Akaweka kidole kwenye bati, akabonyeza kidogo. Likabonyea.

Tulitoka nje. Akalitazama tena lile pipa. Halafu akauliza, "Hii risasi ingepita?"

"Ingempita nyati, ingepita bati, na isingesimama hapo."

"Nani alichagua risasi ya namna hii kwa mahali kama hapa?"

"Mimi, Afande. Na bunduki yenyewe. Sajini Mutiso aliniambia nisiichague. Tafadhali andika hivyo."

Akaandika, akiwa amesimama, karatasi juu ya paa la gari. Alipomaliza akanitazama. "Ningependa kujua kitu kimoja. Alijuaje kuna watoto? Mimi nimelenga pale pale, nimeona stoo."

Nikamwambia sijui.

Yaliyofuata ni mafupi. Pendekezo lile lilichanwa, na Sajini alirudi kazini kwa fimbo, akamaliza mwaka wake kwa heshima na keki. Mimi nilipata barua ya onyo kali, na ilikuwa ya haki, nimeihifadhi. Mbili ilirudi, na bawaba ikatengenezwa na fundi kwa siku moja. Ile video haikuondoka. Bado iko huko, kila kiangazi mtu huirusha tena na watu hucheka. Nimechoka kuwajibu.

Kwa hivyo kuhusu fomu yenu, mkitaka jibu la mtunza stoo, ni hili. Msianze na mnyama. Nilianza na mnyama, nikachagua bunduki inayowaweza wanyama wote, na sikuandika hata sentensi moja juu ya watu. Kabla ya kupima karatasi zenu, tembeeni mahali mnapoitwa zaidi, mtazame nyuma ya pale mnyama anaposimama. Kama ni mlima mtupu, andikeni Ndefu bila wasiwasi, ni bunduki nzuri na bado naipenda. Kama ni nyumba za watu, andikeni ile inayoweza kuongea kwanza, na risasi yake ibaki ndani ya nyama. Na mkiwa na mtu kama Mutiso, muulizeni yeye, halafu mnyamaze asikilizwe.

Lakini nirudi kwenye siku ile ya Barasa, maana haijaisha. Nilitoka kule moja kwa moja mpaka hospitalini, saa za kuwaona wagonjwa. Kamau alikuwa amenitangulia na habari. Sajini alikuwa amelala chali, mguu umefungwa uzito, na alikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuiona.

"Nani alikutuma kule?"

"Bunduki ilirudi ikiwa wazi, Sajini. Nikaenda kuangalia nyayo zako."

"Na ukamwambia Barasa ni wewe."

"Ni mimi."

Akageuzia uso ukutani. "Nilishamaliza hiyo kesi, Mama Ciru. Niliandika mistari miwili. Ungeiacha tu."

"Kwa nini hukusema kuna watoto?"

"Ningesema kuna watoto, wangeuliza kwa nini nimeogopa risasi. Ningesema risasi inapita, wangeuliza nani aliichagua. Mimi nimebakisha mwaka mmoja. Wataniita mwoga mwaka mmoja, basi. Wewe una mtoto shuleni na miaka mingi dirishani pale. Nilipiga hesabu, nikaona ni rahisi."

Nililia. Nililia mbele ya wodi nzima, na sikujali. Alikuwa tayari kuzikwa na jina hilo, kwa ajili ya mtu aliyempuuza kwa sababu ya rula na karatasi. Aliniacha nilie, hakunibembeleza, hakuwa mtu wa hayo. Nilipomaliza akaniomba nimsogezee kikombe cha chai.

"Afande anauliza ulijuaje," nikasema. "Mlango umefungwa, hakuna bango. Yeye aliona stoo."

"Hata mimi niliona stoo."

Akanywa kidogo, akanirudishia kikombe. 

"Walikuwa wanaimba," akasema. "Ule wimbo wa kuhesabu. Kidole changu kilikuwa kimeshaanza kuvuta, Mama Ciru. Walikuwa wamefika saba."